Aliyechorwa Ana Jina? Wachoraji wa Denmark Wakitazamwa Kutoka Mbulu

Ukitaja Denmark mbele ya wapenzi wa vitabu wa Afrika Mashariki, haichukui muda kabla mtu hajamtaja Karen Blixen. Shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, kitabu cha mwaka 1937, filamu ya mwaka 1985, halafu ule ubishi wetu usioisha: alitupenda au alitudharau? Kila upande una mashabiki wake, na kila upande una kurasa za kukuonyesha.

Kuna jambo ambalo ubishi huo huliruka. Kabla hajawa mwandishi, Blixen alikuwa mwanafunzi wa uchoraji. Alisomea Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen mwanzoni mwa karne ya 20, na alipotua Mombasa Januari 1914 alikuja na jicho ambalo tayari lilikuwa limefunzwa namna ya kutazama. Lilifunzwa na nani, na lilifunzwa kuona nini na kuacha nini? Hayo ndiyo maswali ya makala hii. Kuyajibu itabidi turudi nyuma miaka mia hivi kabla yake, tupite kwa wachoraji wa Denmark mmoja mmoja, kisha turudi Ngong, na kutoka Ngong tushuke huku kwetu Manyara.

Kwa nini mtu wa Mbulu au Hanang ajisumbue na michoro ya Denmark? Kwa sababu watu wa wilaya hizi ni miongoni mwa watu wanaotazamwa sana nchini. Mhadzabe wa Yaeda na upinde wake, mwanamke wa Kidatoga na bangili zake za shaba, mzee mwenye mgolole na fimbo. Utawakuta kwenye postikadi, kwenye kuta za hoteli, kwenye kurasa za kampuni za utalii. Chini ya picha kumeandikwa kabila, pengine na jina la ziwa. Jina la mtu, hakuna.

Mhariri wangu wa kwanza alikuwa na swali moja kwa kila picha iliyofika mezani kwake: "Huyu ana jina?" Kama huna jibu, rudi ukaulize. Kwake hiyo ilikuwa kanuni ya kazi tu. Mimi naona pia ni kipimo kizuri cha sanaa. Mitindo hubadilika, rangi hubadilika, wateja hubadilika, lakini swali hilo unaweza kwenda nalo karne yoyote na likakufungulia mlango.

Enzi ya Dhahabu na mwanamke wa bustanini

Tuanze na kipindi ambacho wenyewe wanakiita Enzi ya Dhahabu, takriban nusu ya kwanza ya karne ya 19. Jina linaweza kukudanganya. Nchi ilikuwa hoi. Mwaka 1807 Waingereza waliupiga mabomu mji wa Copenhagen na kuchukua meli zake za kivita. Mwaka 1813 serikali ilifilisika. Mwaka 1814 ikaipoteza Norway. Dhahabu ilikuwa kwenye michoro, na michoro yenyewe ni midogo na mitulivu: geti la shamba, mtaa wakati wa asubuhi, familia sebuleni.

Mtu wa kumkumbuka hapo ni C. W. Eckersberg (1783–1853). Alisoma Paris kwa Jacques-Louis David, akakaa Rome, kisha akarudi na kuwa profesa wa Chuo cha Sanaa mwaka 1818. Aliwatoa wanafunzi wake nje, wachore mawingu na miti wakiwa wanaitazama, sio kutoka kichwani. Kuna mchoro wake wa mwaka 1815 unaoonyesha mji wa Rome kupitia matao matatu ya Kolosei: kila tofali lina kivuli chake, kila mstari umepimwa. Ukiutazama unaona imani ya mtu kwamba dunia inaeleweka, mradi uangalie kwa makini. Christen Købke, mwanafunzi wake, alichukua makini hayo hayo na kuyaweka kwenye vitu vya jirani kabisa. Alifariki mwaka 1848 akiwa na miaka 37 tu.

Mwaka huo huo wa 1848 ndio watumwa wa visiwa vya Denmark huko Karibi walipojipatia uhuru wao. Ndiyo, Denmark ilikuwa na watumwa: visiwa vya Saint Thomas, Saint John na Saint Croix vilikuwa vyake mpaka ilipoviuza kwa Marekani mwaka 1917. Sukari ya kule iliwanywesha watu chai katika zile sebule tulivu zinazochorwa. Lakini ukitazama michoro ya Enzi ya Dhahabu, sukari iko mezani na shamba la miwa halionekani.

Ndiyo maana mchoro mmoja wa Wilhelm Marstrand, mwanafunzi mwingine wa Eckersberg, unanivuta kuliko yote. Ni wa mwaka 1857. Uko katika makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Copenhagen, ambayo wenyewe huyaita SMK. Mabinti wawili wa Otto Marstrand wako katika bustani ya Frederiksberg, na pamoja nao yuko yaya wao, mwanamke mweusi kutoka visiwani. Mchoraji alitumwa kuwachora watoto. Kwa kanuni za kipindi hicho, yaya angeweza kuwa kama kiti au mwavuli, kitu cha kuonyesha kwamba familia ina uwezo. Lakini Eckersberg alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kutazama kila kitu kwa usawa, na mafunzo hayo yakamzidi nguvu aliyelipia picha: yaya amechorwa kama mtu, na jicho lako haliwezi kumruka.

Siku hizi maelezo ya picha hiyo yana jina lake: Justina. Fikiria safari ya hilo jina tu, kutoka visiwa vya miwa mpaka bustani ya baridi, kisha mpaka kwenye kibandiko cha makumbusho. Mtindo wa makini ulimpa Justina uso. Jina lake ilibidi lishughulikiwe na watu walioona kwamba "yaya" haitoshi.

Skagen, kijiji kilichovamiwa na wachoraji

Miaka ya 1870 na 1880 wachoraji walianza kuchoka na mji. Chuo cha Sanaa kilionekana kizee, na habari za Ufaransa zilikuwa zimefika: chora nje, chora wanaofanya kazi, chora mwanga. Wakapanda kuelekea Skagen, kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa Jutland, mahali ambapo bahari mbili zinakutana na mchanga unahama kwa upepo.

Skagen kilikuwa kijiji cha kimaskini. Wageni walipenda umaskini huo kwa sababu ulikuwa na rangi nzuri. Tuseme ukweli, hapo mtu wa Yaeda Chini anaanza kutabasamu, maana hadithi hii anaijua. Watu wa mjini wanakuja msimu wa hali ya hewa nzuri, wanalala kwenye nyumba ya wageni, wanasifia maisha ya asili, wanaondoka na picha.

P. S. Krøyer ndiye aliyeng'ara. Mchoro wake wa mwaka 1893 wa wanawake wawili wakitembea ufukweni jioni uko leo kwenye vikombe, kalenda na mapazia. Bahari na anga vimekuwa rangi moja ya samawati, huoni vinapokutana. Ni mzuri, sitaki kujifanya mgumu. Lakini angalia ufukwe huo: hakuna mashua, hakuna wavu, hakuna mvuvi. Ufukwe wa kazi umegeuzwa kuwa ufukwe wa matembezi.

Michael Ancher alikwenda njia nyingine. Aliwachora wavuvi wakubwa, makoti mazito ya mvua, wamesimama wakikodolea macho bahari. Na wengi wao walijulikana kwa majina. Lars Kruse alikuwa mwokoaji maarufu wa mabaharia waliozama, na yeye mwenyewe akafa majini mwaka 1894. Miaka miwili baadaye Ancher alichora maiti imelazwa ndani ya chumba, majirani wamesimama kuizunguka. Ni msiba kama msiba wa kwetu: watu wamejaa, hakuna anayejua aweke wapi mikono.

Hata hivyo, kwangu mimi mkubwa wa Skagen ni mke wa Michael, Anna Ancher (1859–1935). Kati ya kundi lile lote yeye ndiye mzaliwa wa pale, binti wa wenye nyumba ya wageni, familia ya Brøndum. Wachoraji walipofika, walikuta binti mdogo anayewatazama wakichora. Wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kusoma Chuo cha Sanaa; mlango wao ulifunguliwa mwaka 1888. Akasoma shule binafsi ya Vilhelm Kyhn, naye mwalimu huyo alimshauri kwamba akiolewa aachane na rangi ashike nyumba. Hakumsikiliza.

Tazama mchoro wake wa mwaka 1891, mwanga wa jua ndani ya chumba cha samawati. Msichana, binti yake Helga, amekaa ameinamia kazi yake ya mikono. Jua limeingia dirishani na kuanguka ukutani. Basi. Hakuna dhoruba, hakuna shujaa, hakuna machweo ya kuuzia kalenda. Wageni walikuja kuchora kile kinachoshangaza kuhusu Skagen. Anna alichora kile ambacho mtu wa pale hukiona akiwa amekaa tu nyumbani. Hapo nikaanza kuona kwamba swali la mhariri wangu halitoshi peke yake. Zaidi ya kuuliza kama aliyechorwa ana jina, inabidi kuuliza: nani ameshika brashi, na alilala wapi jana usiku?

Jina lipo, uso haupo

Vilhelm Hammershøi (1864–1916) anaonekana kama amekataa yote hayo. Hataki jua la Skagen, hataki wavuvi. Alichora vyumba vya nyumba yake ya mtaa wa Strandgade namba 30, mjini Copenhagen, alikoishi kati ya mwaka 1898 na 1909. Milango mitupu, meza tupu, rangi ya kijivu juu ya kijivu. Wanaoujua ukungu wa Mbulu mwezi Julai, ule unaokaa juu ya vilima vya Kainam mpaka saa nne asubuhi, hawatapata shida na rangi hizo. Kijivu kina aina nyingi ukikizoea.

Katika vyumba hivyo mara nyingi yuko mwanamke mmoja, nguo nyeusi, amekupa mgongo. Ni Ida, mke wa mchoraji. Unamwona shingo, unaona nywele zilizofungwa, lakini humwoni anachofanya na mikono yake. Kuna wanaosema ni picha za upweke. Mimi naziona kama picha za heshima, hata za faragha: mtu yuko kwake, na wewe mgeni umesimama mlangoni, hujakaribishwa kuingia.

Linganisha sasa na postikadi. Kwa Ida tunajua jina na hatupewi uso. Kwa mwanamke wa Kidatoga wa kwenye postikadi tunapewa uso mzima, makovu ya urembo kuzunguka macho, kila kitu, na hatupewi jina. Yupi kati yao ameachiwa kitu chake?

Kuchora juu ya kazi ya mwingine

Ukifika katikati ya karne ya 20 utulivu wote huo unalipuliwa. Asger Jorn (1914–1973) na wenzake waliunda kundi la CoBrA mwaka 1948, jina lililotokana na miji ya Copenhagen, Brussels na Amsterdam. Lilidumu mpaka mwaka 1951 tu. Walitaka rangi imwagike kama mtoto anavyoimwaga. Walipenda michoro ya watoto, sanaa za vijijini, na vinyago vya Afrika.

Mwaka 1959 Jorn alifanya jambo la kijeuri. Alinunua michoro ya bei poa kwenye masoko ya mitumba, mandhari za vibanda na maziwa zilizochorwa na watu ambao wengi wao hawakujulikana, akachora juu yake. Maarufu zaidi ni bata mtoto mkubwa wa kutisha aliyesimama kando ya kibanda tulivu cha kijijini. Inachekesha na inaogopesha kwa pamoja. Halafu mwaka 2022 mtu mmoja akaingia katika Makumbusho ya Jorn mjini Silkeborg, akabandika picha yake juu ya bata huyo na kutia saini kwa kalamu ya wino usiofutika. Kesi, kelele, magazeti. Hasira hiyo ilikuwa halali kabisa. Ila sikuacha kumfikiria yule wa chini kabisa, aliyekichora kibanda kwanza. Juu yake kuna Jorn, juu ya Jorn kuna mvamizi, na yeye ndiye aliyesahaulika kuliko wote.

Ndani ya historia ya CoBrA pia kuna mtu aliyefunikwa hivyo. Ernest Mancoba (1904–2002), mchongaji na mchoraji kutoka Afrika Kusini, alifika Paris mwaka 1938. Vita vilipokuja Wajerumani walimfunga kambini, na humo humo, mwaka 1942, akamwoa mchongaji wa Denmark, Sonja Ferlov. Baada ya vita wakahamia Denmark na kushiriki maonyesho pamoja na kina Jorn. Lakini kwa muda mrefu vitabu vya historia ya kundi hilo vilimpitia juu juu, au vilimwacha kabisa. Kundi lililokuwa likisifia vinyago vya Afrika lilikuwa na Mwafrika chumbani, mwenye mawazo yake mwenyewe kuhusu hivyo vinyago, na waandishi wa historia wakamwona kama mgeni wa mke wake. Kinyago kisicho na mwenyewe ni rahisi kukipenda, kwa sababu hakikujibu.

Ngong: uso wa Abdullahi, sauti ya Kamante

Sasa turudi shambani kwa Blixen. Picha alizochora Kenya si nyingi, na zinazofahamika zaidi ni za watu. Kuna Abdullahi Ahamed, kijana wa Kisomali, mdogo wake Farah Aden aliyekuwa msimamizi wa nyumba. Kuna msichana wa Kikikuyu. Kuna mzee wa Kikikuyu. Umeona tofauti? Mmoja anafahamika kwa jina, wengine wanafahamika kwa kabila.

Kama michoro tu, ina nguvu. Unaona shule ya Denmark ndani yake: mandhari ya nyuma imeachwa tupu na giza, mwanga umewekwa usoni, hakuna mkuki, hakuna simba, hakuna mti wa mgunga. Hakuwageuza kuwa mapambo. Aliwakalisha kama ambavyo Eckersberg angemkalisha mtu, akawatazama muda mrefu. Kwa mzungu wa koloni la miaka ile, hilo si dogo.

Lakini aliposhika kalamu, jicho lile lile likafanya kazi nyingine. Kitabu chake kinaanza na mandhari: mwinuko, hewa, rangi za nyasi, umbo la miti. Mchoraji anapanga turubai kwanza. Watu wanaingia baadaye, na wanaingia kama sehemu ya picha ambayo tayari imepangwa. Ndiyo maana kitabu ni kizuri kusoma na kigumu kukisamehe. Ngũgĩ wa Thiong'o alilisema hilo mbele ya Wadenmark wenyewe, mjini Copenhagen mwaka 1980, katika hotuba ambayo baadaye iliingia kwenye kitabu chake cha mwaka 1993, *Moving the Centre*. Shutuma yake ilimhusu hasa mpishi Kamante na namna anavyosawiriwa karibu na wanyama wa nyumbani.

Watetezi wa Blixen hujibu: lakini si alimtaja Kamante kwa jina? Kweli alimtaja, na jina la Kamante Gatura likazunguka dunia nzima. Hapo ndipo kipimo cha mhariri wangu kinapofika mwisho wake. Mtu anaweza kupewa jina na bado asipewe nafasi ya kusema. Blixen mwenyewe alilijua vizuri suala la jina, maana kwa wasomaji wa Marekani alijiita Isak Dinesen. Yeye alichagua jina la kujificha nyuma yake. Kamante hakuchagua hata lile la kuonekana nalo.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Mwaka 1975 mpiga picha wa Marekani Peter Beard alichapisha kitabu chenye simulizi za Kamante mwenyewe pamoja na michoro aliyoichora kwa mkono wake. Mpishi ameshika kalamu. Mistari yake haijui Chuo cha Sanaa: wanyama, watu na nyumba vimejaa ukurasa, kila kitu kina umuhimu sawa, hakuna cha mbele wala cha nyuma. Ukitoka kwenye kurasa za Blixen zenye upeo mrefu na hewa nyingi ukaingia kwenye za Kamante, ni kama mtu amekushusha kutoka mlimani akakuingiza jikoni. Shamba ni lile lile, mama wa shamba ni yule yule, lakini safari hii anayetazamwa ni yeye.

Sisemi michoro ya Kamante inaizidi ya Blixen kwa ufundi. Haiizidi. Na hata kitabu hicho kina mikono ya Beard ndani yake, mzungu mwingine aliyechagua kipi kiingie. Ninachosema ni kwamba ukisoma kitabu cha mwaka 1937 bila kile cha mwaka 1975, umetazama nusu ya picha. Walimu wa fasihi wanaofundisha Blixen na jibu la Ngũgĩ wangeongeza hicho cha tatu. Blixen anachora, Ngũgĩ anashtaki, Kamante anajibu.

Na huku kwetu?

Nyumba ya Blixen, serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi Kenya wakati wa uhuru, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Sisi huku hatuna nyumba ya namna hiyo, na sioni kama ni hasara kubwa. Tulichonacho ni cha zamani zaidi. Ukitoka Babati kuelekea kusini unafika Kolo, kwenye michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Binadamu wembamba kama mistari, twiga, swala, rangi nyekundu. Mitindo imepishana juu ya jiwe moja, mpya ikichorwa juu ya ya zamani, maelfu ya miaka kabla Jorn hajafikiria kwenda soko la mitumba.

Tunazo pia sketi za ngozi. Za wanawake wa Kiiraqw zilizotariziwa shanga, na za wanawake wa Kidatoga, vazi ambalo kwao lina heshima ambayo mgeni anayeomba kupiga picha haielewi. Baadhi zimefika makumbusho za Ulaya na Marekani. Kibandiko kwa kawaida kinataja kabila, ngozi na shanga. Mwanamke aliyekaa miezi akiilainisha ngozi na kupanga rangi hajatajwa, ingawa kazi yake ni turubai kama turubai nyingine yoyote.

Hata majina ya makabila yenyewe tumeyapokea kutoka kwa watazamaji. Wamang'ati ni jina walilopewa Wadatoga na Wamasai, maana yake adui. Wambulu ni jina la mahali walilobandikwa watu wanaojiita Wairaqw. Kama hata kibandiko cha kabila kimeandikwa na mtu mwingine, jina la mtu mmoja mmoja lingesalimika vipi?

Ndiyo maana nasema tusiwatazame hawa wa Denmark kwa kuwaabudu, wala kwa kuwanunia. Wametuachia mfano wa pande zote mbili. Marstrand anatuonyesha mtu anavyoweza kuonekana hata pale asipotakiwa kuonekana. Krøyer anatuonyesha uzuri unavyoweza kumfuta mvuvi. Anna Ancher anatuonyesha kinachotokea binti wa nyumba ya wageni anapoacha kuwahudumia tu wachoraji na kuchukua rangi mwenyewe. Kati ya wote, huyo wa mwisho ndiye ninayemtafuta Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh. Nina hakika yupo. Huenda sasa hivi yuko kidato cha pili, anachora mlima Hanang nyuma ya daftari la hesabu, na mtu mmoja mwenye nia njema anamshauri aachane na michezo.

Makumbusho ya SMK yameweka maelfu ya picha zake mtandaoni bure, unaweza kuzikuza kwenye simu mpaka ukaona alama za brashi. Bando la siku moja linatosha. Anza na Justina, kisha soma kilichoandikwa chini yake.